Sura ya Sita: Mstari Uendao Makka

Alasiri moja ya msimu wa kaskazi, nilipokuwa nimekaa barazani kwa mwalimu aliyenisomesha Kurani utotoni, katika mtaa mmoja wa Mji Mkongwe, alinipa habari iliyokuwa imemkaa moyoni siku tatu: mjukuu wake, aliyekwenda New York kwa masomo, alimpigia simu kumwambia kwamba katika msikiti anaosali huko waumini huelekea kaskazini-mashariki, ilhali ramani ya dunia iliyotundikwa ukutani darasani mwake yaonyesha bayana kwamba Makka iko mashariki ya mji ule, tena imeinama kidogo upande wa kusini.

"Mwanangu," akaniambia, baada ya kuipokea shikamoo yangu na kunisogezea kikombe cha kahawa, "wewe ndiye mtu wa ramani. Ama wale wamekosea kibla, ama karatasi imesema uongo. Nieleze ni kipi katika viwili hivyo."

Jibu la suala lile sikuweza kulitoa kwa mdomo, kwa maana suala la kibla ni suala la mstari, na mstari hausadikiki kwa kusimuliwa. Sharti uchorwe, na aliyeuchora aweze kuulizwa ameupitisha wapi na kwa hoja gani. Basi nikaitoa kompyuta iliyokuwa mkobani mwangu, si kwa nia ya kutafuta ramani iliyokwisha kuchorwa na mtu mwingine, bali kwa nia ya kuiandika ramani yetu wenyewe kwa maneno mbele ya macho yake. Na kwa kuwa msomaji wa sura hii huenda hajapata kuona ramani ikiandikwa, sina budi kumwacha mwalimu na kahawa yake kwa kitambo, nieleze sanaa hii ni ipi na ilitoka wapi.

Programu nyingi za kuchorea humpa mtu kipanya, naye akavuta mstari pale jicho linapomtuma, akapaka rangi pale mkono unapopenda, na kazi ikiisha hubaki picha peke yake, pasi na kumbukumbu ya namna ilivyofanyika. Atakayeitazama kesho hana njia ya kujua kama mstari ule ulipimwa au ulikisiwa. Lakini iko jamii nyingine ya programu, isiyo na vitufe vya kubonyeza wala picha za kuvutia, ambayo humngoja mtu aandike amri yake kwa herufi na tarakimu kwenye kiwambo kitupu, kisha huitii amri ile kama ilivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza. Iliyo mashuhuri kupita zote katika jamii hiyo, kwa watu wa elimu ya ardhi na bahari, ni Generic Mapping Tools, ambayo wenyewe huiita GMT. Ilianzishwa mwishoni mwa mwaka 1987 na wanafunzi wawili, Paul Wessel, aliyetoka Norway, na Walter Smith, katika kituo cha Lamont-Doherty cha Chuo Kikuu cha Columbia, kilichoko ukingoni mwa mto Hudson, mwendo mfupi tu kaskazini ya mji ule ule anaosoma mjukuu wa mwalimu wangu. Mwaka 1988 waliwapa wenzao wa kituoni, na mwaka 1991 wakaitangaza kwa walimwengu wote pasipo kudai bei. Wessel alihamia Hawaii, akaendelea kuitumikia programu hiyo hadi alipofariki mwaka 2024, na sidhani kuna bahari duniani ambayo wataalamu wake hawajapata kuichora kwa msaada wa kazi ya mikono yake.

Kituo kile kilikwisha kuwa na historia ya ramani kabla yao. Hapo ndipo alipofanya kazi Marie Tharp, bibi ambaye katika miaka ya 1950 alizichukua tarakimu za kina cha bahari zilizoletwa na meli, akazigeuza kuwa michoro kwa kalamu na wino, mpaka akagundua kwamba katikati ya safu ya milima iliyolala chini ya bahari ya Atlantiki limepita bonde refu, kwa sura kama Bonde la Ufa letu la Afrika Mashariki. Mwenzake Bruce Heezen hakukubali mwanzoni, hatimaye alikubali. Lakini kulikuwa na kizuizi kimoja kilichoiathiri sana kazi yao: tarakimu za kina zilihesabiwa kuwa siri ya jeshi la wanamaji la Marekani, hata wasiweze kuchapisha mistari ya vipimo, wakalazimika kuichora sakafu ya bahari kwa mfano wa mandhari, kama mtu aonavyo milima akiwa juu angani. Michoro ile ni ya ajabu, nami kila niitazamapo huona taadhima ya mkono uliovumilia. Hata hivyo msomaji wake alipaswa kuuamini mkono huo, kwa sababu hesabu zilizo chini ya wino hazikuwa mbele yake. Mwaka 1995 vipimo vya setilaiti moja ya jeshi hilohilo viliondolewa katika hali ya siri, na mwaka 1997 Walter Smith na David Sandwell wakaviunganisha na vipimo vya meli, wakatoa ramani ya sakafu ya bahari zote ambayo hesabu zake ziliwekwa wazi kwa kila mwenye kuzitaka. Tangu bibi Tharp hadi Smith, kilichobadilika si uzuri wa picha. Kilichobadilika ni kwamba mtazamaji amepewa haki ya kuuliza.

Wala fikra ya kuhifadhi ramani kwa njia ya tarakimu si ya Marekani wala si ya karne yetu. Katika karne ya tisa, mjini Baghdad, al-Khwarizmi, ambaye jina lake limezaa neno algoriti linalotajwa leo na kila fundi wa kompyuta, alitunga kitabu kiitwacho Surat al-Ard, na jina hilo twalifahamu bila mkalimani: sura ya ardhi. Kitabu chenyewe kwa sehemu kubwa ni majedwali yenye mahali 2,402, miji, milima, visiwa na mito, na mbele ya kila jina imeandikwa longitudo yake na latitudo yake. Aliye na majedwali yale na karatasi aweza kuichora dunia upya, na mwingine aliye mbali naye akaichora vilevile, na wakilinganisha kazi zao watajua ni nani aliyekosea. Faili ninayoiandika mimi leo ili kuipa GMT kazi, yenye safu mbili za tarakimu, haikupiga hatua kubwa kutoka pale.

Sasa narudi barazani. Faili niliyoiandika kwa ajili ya mwalimu, nikaiita kibla.txt, ilikuwa na mistari miwili tu, wa kwanza ukiwa ni New York na wa pili ni Makka:

-74.0 40.7
39.83 21.42

Kisha nikaandika amri zenyewe, nazo ni hizi:

gmt begin kibla png
gmt coast -R-90/60/-15/65 -JM16c -Gkhaki -Slightblue -B20
echo 39.19 -6.16 | gmt plot -Sa0.4c -Gblack
gmt plot kibla.txt -W1p,red
gmt plot kibla.txt -W1p,black -A
gmt end

Mwalimu akataka kujua kila herufi ina kazi gani, kama alivyokuwa akitutaka sisi watoto tujue kila irabu, nami nikamweleza. R ni mipaka ya nchi tunayotaka kuiona, magharibi, mashariki, kusini na kaskazini kwa mfuatano huo. J ni namna ya kuukunjua mviringo wa dunia ukalala juu ya karatasi, na M ni jina la Mercator, na upana ni sentimita 16. G ni rangi ya nchi kavu na S ni rangi ya maji. B ni fremu na tarakimu zake pembeni. Ile amri ya tatu ilikuwa ni kuweka nyota nyeusi juu ya Unguja, nyumbani kwake, ili apate mahali pa kuanzia kuitazama dunia.

Na hapo ndipo kosa lilipoingia, kwani nilipoiandika mara ya kwanza nilitanguliza latitudo, kama ulimi ulivyozoea kusema nyuzi sita kusini na thelathini na tisa mashariki, ilhali programu hutaka longitudo kwanza. Haikunikanya. Iliitii amri yangu kama nilivyoiandika, ikaiweka nyota katika nchi ya Hispania, upande wake wa kusini-magharibi, kati ya miji ya Cáceres na Mérida.

"Hapa si kwetu," akasema mwalimu, akiisogeza miwani.

Nikazigeuza tarakimu, lakini kwa haraka nikaiacha alama ya kutoa iliyo mbele ya sita, na nyota ikaruka kutoka Hispania ikatua kusini mwa Ethiopia, kwa kuwa bila alama ile Unguja huwa kaskazini ya ikweta. Mara ya tatu ikakaa kisiwani. Nilitaka kuomba radhi, lakini mwalimu hakuona taksiri yoyote. Alinionyesha kwa kidole ile mistari mitatu niliyoiandika, miwili ya makosa na mmoja wa haki, yote ikiwa ingali juu ya kiwambo, akasema kwamba hivyo ndivyo alivyotaka ubao wa mwanafunzi uwe, kosa lisifutwe kabla ya kuonekana lilikuwa wapi. Nimezifanya kazi hizi miaka mingi, na sijapata kusikia mtu akizieleza faida zake kwa maneno machache kama hayo.

Jambo jingine lililomshughulisha ni mpango wa amri. Lugha ambayo GMT huiandikia picha zake tangu asili, iitwayo PostScript, hupaka wino usiopenyeka: kilichopakwa baadaye hukifunika kilichotangulia, kama mpaka rangi wa jahazi anayeipitisha brashi juu ya rangi ya zamani. Katika siku zangu za mwanzo za kujifunza niliwahi kuuchora mstari wa safari kwanza na nchi baadaye, nikakesha nikiutafuta mstari uliopotea, nao ulikuwapo, umezikwa chini ya rangi ya nchi kavu, ukionekana vipande vipande baharini tu. Fauka ya hayo, zamani ilikuwa lazima katika kila amri kuandika herufi za kuiambia programu kwamba ukurasa ungali wazi na kwamba mchoro huu ni wa kuwekwa juu ya ule, na aliyesahau herufi moja alipata ukurasa uliofungwa kabla ya wakati. Ni tangu toleo la sita, la mwaka 2019, ndipo maneno mawili ya kuanza na kumaliza yalipochukua mzigo huo. Lakini mpango wa tabaka haukubadilika wala hautabadilika: ardhi kwanza, kisha njia na alama, na majina ya miji mwisho kabisa.

Picha ilipotokea, mwalimu aliikazia macho kwa muda mrefu. Mstari mweusi ulitoka New York ukaikata Atlantiki kwa unyofu, ukiteremka kidogo kidogo, ukapita juu ya Afrika ya kaskazini hadi Makka. Mstari mwekundu ulitoka mahali palepale, lakini ukapanda; ukapita Nova Scotia na ncha ya kusini ya Newfoundland, ukafika karibu na nyuzi 50 kaskazini katikati ya bahari, ndipo ukaanza kushuka, ukaingia Ufaransa kwa upande wa Bordeaux, ukaikata Corsica, ukavuka Bahari ya Kati na Misri, na kukutana na mwenzake Makka.

"Huu mwekundu umepinda kama upindi," akasema. "Mstari wa haki ni huu mweusi."

Nikamwomba chungwa. Binti yake akalileta, pamoja na karafuu mbili, nami nikaichomeka moja mahali pa New York na nyingine mahali pa Makka, kwa kadiri jicho lilivyoweza kukisia. Mwalimu mwenyewe akakata uzi katika kofia aliyokuwa akiishona, akaushika kwa vidole vyake vilivyozoea kazi hiyo, akauvuta kutoka karafuu hadi karafuu mpaka ukakaza. Uzi ulipokaza ukapanda wenyewe. Alijaribu kuushusha kwa ukucha ukae chini, sambamba na kiuno cha chungwa, na kila alipouachia uliteleza ukarudi juu, kwa sababu uzi uliokazwa hautaki njia ndefu, na juu ya mviringo njia fupi kupita zote kati ya New York na Makka ni ile ya kaskazini. Alirudia mara tatu au nne. Kisha akalilaza chungwa mkekani akanyamaza.

Njia ile ya uzi ndiyo iitwayo duara kuu, nayo GMT huichora bila kuombwa kila ipewapo mahali pawili juu ya dunia. Na herufi A niliyoiongeza katika amri ya mstari mweusi ilikuwa ni kuiamrisha iache desturi yake hiyo na ipite moja kwa moja juu ya karatasi. Basi mstari uliopinda ndio ulionyooka, na uliokuwa umenyooka ndio uliopinda, na sababu ni karatasi. Gerardus Mercator aliitoa ramani yake mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, akaikunjua dunia kwa hesabu ya kwamba nahodha anayeishika dira kwa upande mmoja tu safari nzima aione njia yake imenyooka, na ili kuipata faida hiyo alilazimika kuzitanua nchi za karibu na ncha za dunia, hata Greenland, ambayo Afrika inaipita mara kumi na nne kwa ukubwa, ikaonekana sawa nayo. Si insafu kusema kwamba ramani ile ni ya uongo. Mstari mweusi unasema kweli kwa mwenye kushika dira: akitoka New York akaelekea mashariki na kuinama kusini kwa nyuzi kama 11, asigeuze kamwe, atafika. Lakini mwenye kusali hasafiri kwa dira. Anauliza uso wake uelekee wapi akiwa amesimama pale aliposimama, na uzi unamjibu kwamba ni kaskazini-mashariki, nyuzi kama 58 kutoka kaskazini.

Wanafalaki wa Kiislamu walikwisha kulijua jambo hili kabla ya Mercator kuzaliwa. Al-Biruni, katika kitabu chake cha kupima mipaka ya mahali alichokitunga kiasi cha mwaka 1025, alijitaabisha kutafuta umbali wa miji hadi miji, lengo lake moja kubwa likiwa ni kuipata kibla ya Ghazna kwa hesabu za mviringo. Na katika karne ya kumi na nne al-Khalili, aliyekuwa mwenye kutunza saa za sala katika msikiti mkuu wa Damascus, aliandika majedwali ya kibla ambayo mtu wa mji wowote aliyejua longitudo na latitudo yake aliweza kuyafungua na kusoma jibu. Msikiti wa Washington uliofunguliwa mwaka 1957 nao ulielekezwa kaskazini-mashariki kwa hesabu hiyohiyo, na mashaka aliyoyapata mjukuu wa mwalimu wamewahi kuyapata waumini wengi wa Amerika ya Kaskazini, wakagawanyika kwayo, kila kundi likiwa na nia njema na ramani mkononi.

Nilidhani tumemaliza, lakini mwalimu akaniuliza kwa nini basi sisi wa pwani hatujapata kugombana kwa ajili ya kibla. Nikaifuta New York katika faili nikaiandika Unguja mahali pake, nikaipa programu amri zilezile, mstari mwekundu kwanza na mweusi juu yake.

Ukatokea mstari mmoja tu, mweusi, umesimama wima kutoka kisiwani hadi Makka.

"Wa pili uko wapi?"

Nikaifuta amri ya mwisho, na mwekundu ukaonekana, ulikuwa chini yake wakati wote. Kwetu njia ya dira na njia ya uzi ni njia moja, kwa kuwa Makka iko katika longitudo ya 39.83 na Mombasa katika 39.67, na Unguja haikosi kaskazini ya haki ila kwa nyuzi moja na kidogo. Ndiyo maana mihirabu ya misikiti ya mwambao huu huwa upande wa kaskazini, na ndiyo maana wazee wetu waliposema upande wa kibla walimaanisha kaskazini, wakaacha suheli iwe kusini, neno la dini na neno la ubaharia yakakaa katika dira moja bila kusukumana. Mtu aliyekulia katika lugha hiyo akipelekwa New York hana budi kustaajabu. Bahati ya longitudo ilikuwa imemfichia suala ambalo al-Biruni alilitaabikia miaka.

Jua lilikuwa limekwisha kushuka nyuma ya nyumba za mtaa, na muadhini wa msikiti wa jirani alikuwa akijaribu kipaza sauti chake. Mwalimu akataka nimpigie chapa karatasi za kumpelekea mjukuu kwa mkono wa msafiri aliyekuwa akiondoka juma lile, nami siku ya pili nikamletea mbili, moja ya ramani yenye mistari miwili ya rangi, na moja ya maneno yaliyoichora, zile amri sita na faili ya tarakimu nne. Akaishika ile ya ramani kwa muda, akaiweka juu ya mkeka. Ile ya maneno aliisoma yote kwa sauti ya chini, herufi kwa herufi, akitumia kidole. Kisha akaikunja hiyo kwanza, akaitia katika bahasha.